Majina ya wafalme wa Wahiti yalitoka lugha gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Suppiluliuma. Puduhepa. Urhi-Teshub. Anayekutana na majina haya mara ya kwanza hudhani yote ni ya lugha moja ngumu. Sivyo. Ukoo huu mmoja wa kifalme ulichota majina katika lugha nne au tano, na ukijua lipi limetoka wapi, historia yao inasomeka kwa urahisi zaidi. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Ya kuanzia

1. Wahiti walikuwa akina nani?

Walitawala Anatolia, yaani sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, tangu karibu mwaka 1650 KK hadi karibu 1180 KK. Magofu ya mji wao mkuu, Hattusa, yako Boğazkale katika mkoa wa Çorum. Mfalme wao Mursili I aliiteka Babeli karibu mwaka 1595 KK, na Muwatalli II akapambana na Ramses II wa Misri huko Kadesh mwaka 1274 KK.

Baada ya hapo walisahaulika kwa zaidi ya miaka elfu tatu. Hugo Winckler na Theodor Makridi walianza kuchimba Hattusa mwaka 1906, wakaibua maelfu ya vipande vya mabamba ya udongo vyenye mwandiko wa kikabari. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alitangaza kwamba lugha ya mabamba hayo ni ya jamii ya Kihindi-Kiulaya. Mojawapo ya maneno yaliyomfungulia mlango ni *watar*, maji.

2. Wote walizungumza Kihiti?

Hapana, na hapa ndipo utamu wa majina yao unapoanzia. Kihiti chenyewe wenyewe walikiita *nesili*, lugha ya mji wa Nesa, ambao ndio Kanesh, karibu na Kayseri ya leo. Kabla yao nchi ilikuwa ya Wahatti, watu wengine kabisa, wenye lugha isiyo na undugu na Kihiti. Wahiti waliichukua nchi, wakachukua jina lake pia, ndiyo maana wasomaji huchanganya Wahiti na Wahatti hadi leo.

Kusini na magharibi kulizungumzwa Kiluwi, ndugu wa karibu wa Kihiti. Kusini-mashariki na Siria ya kaskazini kulikuwa na Wahuri, ambao lugha yao haihusiani na hizo zote. Barua za kidiplomasia ziliandikwa kwa Kiakadi, lugha ya Mesopotamia. Na lugha bado zinaibuka: mwaka 2023 bamba moja kutoka Hattusa lilionyesha lugha ya nchi ya Kalasma, ambayo haikuwa imejulikana.

3. Kwa hiyo mfalme mwenye jina la Kihuri alikuwa Mhuri?

Si lazima. Ukikutana na Hamisi huko Tanga, jina lake ni la Kiarabu lakini yeye huenda ni Mbondei wa baba na mama. Jina hubeba dini, heshima, ndoa, wakati mwingine mapenzi ya bibi mzaa mama. Kwa Wahiti ilikuwa hivyo hivyo. Kanuni ninayoishika katika ukurasa huu wote ni hii: jina linatuambia jina lilikotoka, na mengine tunayatafuta kwingine.

4. Mbona vitabu vingine huandika "Shuppiluliuma" na "Khattusili"?

Mwandiko wa kikabari uliazimwa Mesopotamia, na alama zake zinazosomwa *sha, shi, shu* huko, Wahiti walizitumia kwa sauti ya kawaida ya *s*. Anayeandika kwa kufuata alama ataweka *sh*. Anayefuata matamshi ataweka *s*. Nimefuata matamshi, isipokuwa kwenye majina ya Kihuri kama Teshub, ambayo yameshazoeleka kwa *sh*. Ile *h* nayo ilitoka kooni, karibu na *kh* ya "kheri" kwa anayeitamka Kiarabu sawasawa.

## Majina na maana zake

5. Suppiluliuma maana yake nini?

Hili ndilo zawadi kwa anayeanza, kwa sababu linafunguka lote. *Suppi* ni safi, takatifu. *Luli* ni bwawa au chemchemi. Mwishoni kuna kiambishi *-uma*, kinachomtaja mtu kwa mahali anapotoka. Ukiliunga lote: mtu wa Chemchemi Safi. Ni Kihiti kitupu.

Kiswahili hufanya kazi hiyo mwanzoni mwa neno, tunaposema Mpemba au Mlamu. Wao walifanya mwishoni. Hata lugha yao, pamoja na kuiita *nesili*, waliweza kuiita *nesumnili*, lugha ya watu wa Nesa, na kiambishi kile kile kinaonekana katikati ya neno.

6. Na Hattusili?

Mtu wa Hattusa. Kiambishi *-ili* hapa kinafanana na mwisho wa majina ya Kihatti, na mji wenyewe ulikuwa wa Wahatti kabla haujawa wa Wahiti. Ni jina lenye habari ndani yake. Anitta, mfalme wa Kussara, aliuteketeza mji huo katika karne ya 18 KK na kumlaani mfalme yeyote atakayeujenga tena. Vizazi kadhaa baadaye akaja mfalme mwenye asili ya Kussara hiyo hiyo, akaufanya mji mkuu, na akajulikana kwa jina la mji huo. Katika maandishi yake Hattusili I bado anajiita "mtu wa Kussara". Laana haikumzuia.

7. Telipinu ni jina la mfalme au la mungu?

Yote mawili. Telipinu ni mungu wa Wahatti, anayehusika na kilimo na rutuba, na *pinu* kwa Kihatti ni mtoto. Kisa chake ni maarufu: alikasirika, akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, akaondoka zake. Moshi ukajaa madirishani, ng'ombe na kondoo wakakataa ndama na wana-kondoo wao, miungu ikala isishibe. Tai alitumwa amtafute, hakumwona. Nyuki ndiye aliyempata.

Mfalme Telipinu alitawala mwishoni mwa karne ya 16 KK, baada ya miaka ya mauaji ndani ya ukoo, na amri yake inayapanga mauaji hayo moja baada ya jingine kabla ya kuweka utaratibu wa kurithi kiti. Mtu mwenye jina la mungu aliyerudi na kuituliza nchi ndiye aliyejaribu kuituliza nyumba ya kifalme. Sidai kwamba jina lilichaguliwa kwa ajili hiyo, ila wasikilizaji wake hawakukosa kuusikia mwangwi.

8. Ni kweli baadhi ya wafalme waliitwa kwa majina ya milima?

Ni kweli. Tudhaliya ni mlima mtakatifu, na Arnuwanda na Ammuna nayo ni majina ya milima katika maandishi yao. Kwa Wahiti mlima ulikuwa mungu: ulipewa sadaka, ulichongwa ukiwa mwanamume mwenye sketi yenye magamba kama mwamba. Huko Yazılıkaya, hekalu la miamba lililo nje kidogo ya Hattusa, jina la Tudhaliya IV limechongwa pamoja na umbo la mungu-mlima.

9. Muwatalli ni Kihiti?

Ni Kiluwi. *Muwa* ni nguvu ya kutisha, ile inayomfanya adui arudi nyuma, na *muwatalli* ni mwenye nguvu hiyo. Neno *muwa* lilipendwa mno. Utalikuta pia kwa Mittannamuwa, mkuu wa waandishi wa ikulu, ambaye mwanawe aliitwa Walwaziti. *Ziti* ni mwanamume na *walwa* ni simba: Simbamtu, tungesema.

Kadiri karne zilivyokwenda, Kiluwi kilizidi kusikika hadi Hattusa kwenyewe. Wengine wa ukoo walibeba majina ya miungu ya Kiluwi: Kurunta, mpwa wa Hattusili III, ana jina la mungu wa kulungu, na Arma-Tarhunta, ndugu aliyegombana na Hattusili huyo huyo, ameunganisha mungu wa mwezi na mungu wa radi. Muwatalli II naye aliuhamishia mji mkuu Tarhuntassa, kusini, penye Waluwi wengi. Jina la mji huo nalo linatokana na Tarhunta, mungu wa radi.

10. Labarna ni jina au cheo?

Lilianza kama jina la mfalme wa mwanzoni, likawa cheo cha kila aliyemfuata, kama Kaisari ilivyokuwa jina la mtu mmoja wa Roma kabla ya kuwa cheo. Huandikwa pia Tabarna. Asili yake inabishaniwa: wapo wanaoliona la Kihatti, wapo wanaolihusisha na kitenzi cha Kiluwi *tapar-*, kutawala.

Mwenzake wa kike ni Tawananna, cheo cha malkia. Tawananna hakupoteza cheo mumewe alipokufa, na hapo ndipo fitina zilipozalia. Mke wa mwisho wa Suppiluliuma I alikuwa binti mfalme wa Babeli. Mihuri inamwita Malnigal, lakini maandishi yanamtaja kama Tawananna tu, cheo kimelimeza jina. Mwana wa kambo, Mursili II, alimshtaki kwa kumuua mkewe Gassulawiya kwa uchawi, akamwondoa ikulu.

## Malkia na majina ya Kihuri

11. Kwa nini malkia wengi wana jina linaloishia na -hepa?

Hepa ni Hepat, mungu mke mkuu wa Wahuri, mke wa Teshub mungu wa radi. Daduhepa, Danuhepa, Puduhepa: wote wamebeba jina lake. Wengine kabla yao, kama Nikkalmati na Asmunikal, wamembeba Nikkal, mke wa mungu wa mwezi, aliyefika kwa Wahuri kutoka Mesopotamia.

Puduhepa ndiye anayejulikana zaidi. Alizaliwa Kizzuwatna, nchi ya kusini-mashariki yenye Wahuri na Waluwi, binti wa kuhani Pentipsarri, akaolewa na Hattusili III. Mkataba wa amani na Ramses II ulipofungwa mwaka 1259 KK, muhuri wake uligongwa pamoja na wa mumewe, ukimtaja kuwa binti wa nchi ya Kizzuwatna. Katika sala yake kwa Mungu Jua wa Arinna anamwambia kwamba hapa Hatti, nchi ya Wahiti, unaitwa hivyo, lakini kule kwenye nchi ya mierezi unaitwa Hepat. Sentensi moja, na miungu ya nchi mbili imekuwa mmoja.

Kabla ya wimbi hili, majina ya kike yalitengenezwa tofauti. Wafanyabiashara wa Ashuru waliokaa Kanesh waliandika majina ya wenyeji yanayoishia *-ahsu* kwa wanaume na *-ahsusar* kwa wanawake, kwa mfano Suppiahsu na Suppiahsusar. Hapo ni jina lile lile na kiambishi cha kike, kama pwani yetu inavyomtoa Mwanahamisi kwa Hamisi.

12. Inakuwaje mfalme mmoja ana majina mawili?

Mwana mfalme angeweza kukua na jina la Kihuri, kisha akakalia kiti kwa jina la mababu. Tudhaliya III aliitwa Tasmi-Sarri alipokuwa kijana. Mwana wa Muwatalli II aliitwa Urhi-Teshub, yaani Teshub ni wa kweli, na alipotawala akawa Mursili III, jina la babu yake.

Kisa cha huyu wa pili kinaonyesha jina lilivyoweza kugeuzwa silaha. Baba yake mdogo alimpindua, akawa Hattusili III, kisha akaandika maelezo marefu ya kujitetea. Humo hamwiti Mursili hata mara moja. Ni Urhi-Teshub mwanzo hadi mwisho, kama vile hakuwahi kutawazwa. Lakini udongo hausahau. Mwaka 1990 na 1991 wachimbaji walipata huko Nişantepe, Hattusa, zaidi ya vipande 3,000 vya udongo vilivyogongwa mihuri, na Mursili III yumo kwa majina yake yote mawili.

13. Kulikuwa na waliofanya kinyume, wakaacha jina la nyumbani na kuchukua la Kihuri?

Naam. Piyassili, mwana wa Suppiluliuma I, ana jina la Kiluwi. Alipowekwa mfalme wa Karkemishi, kwenye mto Frati, akawa Sharri-Kushuh, yaani Kushuh, mungu wa mwezi, ni mfalme. Raia wake wa Siria walilielewa jina hilo. Ndugu yake Telipinu alipewa Aleppo, akabaki na jina lake la Kihatti, ila mwanawe akaitwa Talmi-Sharruma, la Kihuri: mungu Sharruma ni mkuu.

Tazama watoto wa baba mmoja: Arnuwanda (mlima), Telipinu (mungu wa Kihatti), Piyassili (Kiluwi), Mursili (jina la babu wa kale, lenye kiambishi cha *-ili*). Na baba yao mwenyewe, Chemchemi Safi.

## Jinsi yalivyoandikwa

14. Msomaji wa bamba alijuaje kuwa hapa kuna jina la mtu?

Kulikuwa na alama ya kutangulia: kabari moja ya wima kwa mwanamume, alama ya mwanamke kwa wanawake, nyingine kwa miji na kwa miungu. Hazikutamkwa. Baada ya hapo mwandishi aliweza kuandika silabi kwa silabi, au kucheza.

Na walicheza kwelikweli. Suppiluliuma liliandikwa kwa alama ya Kisumeri ya "safi", ya "chemchemi", kisha *-ma*. Hattusili ni fumbo zaidi: alama ya fimbo ya kifalme, *-si-*, na alama ya mungu. Fimbo kwa Kiakadi ni *hattu*, na mungu ni *ilu*, ambalo likiwa katika umbo la *ilim* linatoa *-ili*. Kwa hiyo maneno ya Kiakadi, yaliyoandikwa kwa alama za Kisumeri, yanasomeka kama jina la mfalme wa Kihiti. Kwa macho matupu utadhani jina linahusu fimbo na Mungu, kumbe ni mtu wa Hattusa tu (swali la 6).

15. Je, mihuri ilitumia mwandiko huo huo?

Mihuri ya kifalme mara nyingi ina miandiko miwili: kikabari pembeni kwa duara, na katikati mwandiko wa picha ambao ndio uliotumika kwa Kiluwi. Hapo ndipo wanasayansi walipolinganisha na kupata usomaji wa picha nyingi.

16. Wamisri waliyaandikaje majina haya?

Mwandiko wa Misri haukuwa na alama maalumu ya *l*, kwa hiyo Hattusili likawa kitu kama Khtsr, na Muwatalli likawa Mwtnr. Ndiyo sababu vitabu vya zamani sana vina majina ya ajabu kama Khetasar.

Kinyume chake kina faida kubwa. Wamisri hawakuandika irabu, lakini kikabari kinaziandika. Nakala ya mkataba iliyopatikana Hattusa inamwita Ramses *Riamashesha mai Amana*. Anayetaka kujua jina la Ramses lilisikikaje enzi zake anakwenda kuuliza kwenye udongo wa Uturuki.

## Maswali ya pembeni

17. Hizi namba, I, II, III, ni zao?

Ni zetu. Wao walijitofautisha kwa kumtaja baba na babu. Kwa kuwa majina yalirudiwa sana, wataalamu wamebishana kama Tudhaliya wa kwanza na wa pili ni watu wawili au mmoja, na ndiyo maana vitabuni utaona "Tudhaliya I/II". Si kosa la chapa.

18. Dahamunzu alikuwa nani?

Si jina. Suppiluliuma I alipokuwa Siria alipata barua kutoka kwa mjane wa farao, akiomba apewe mwana wa mfalme amwoe. Mursili II, anayesimulia habari hiyo, anamwita mjane huyo Dahamunzu. Kwa Kimisri *ta hemet nesu* ni mke wa mfalme. Ni kama mgeni aliyesikia watu wa nyumba wakisema "Bi Mkubwa", akaandika kwenye daftari kwamba mama huyo anaitwa Bi Mkubwa.

Mwana aliyetumwa aliitwa Zannanza, akafa njiani. Wapo wanaodhani hata hilo ni maneno ya Kimisri, *sa nesu*, mwana wa mfalme.

19. Uria Mhiti na Tidali wa kwenye Biblia wanahusika?

Uria aliishi siku za Daudi, karne mbili hivi baada ya Hattusa kuanguka. Enzi hizo "Mhiti" lilitumika pia kwa watu wa falme ndogo za Siria zilizorithi jina. Kwa Kiebrania jina lake linasomeka vizuri kabisa, Bwana ni nuru yangu, kwa hiyo kanuni ya swali la 3 inamhusu yeye pia. Tidali mfalme wa Goimu, wa Mwanzo 14, hulinganishwa na Tudhaliya kwa sababu sauti zinalingana. Ulinganifu wa jina haututajii ni Tudhaliya yupi.

20. Majina haya yalikoma mwaka 1180 KK?

Hattusa iliachwa, majina yakahamia kusini. Katika falme ndogo za Siria ya kaskazini na kusini-mashariki mwa Uturuki, wafalme waliendelea kujiita hivyo kwa karne nne nyingine, na Waashuru waliopigana nao wakayaandika kwa masikio yao. Muwatalli likawa Mutallu. Hattusili likawa Qatazili, mfalme wa Kummuh. Labarna likarudi kuwa jina la mtu, Lubarna wa Patina.

Katika mwaka 858 KK Shalmaneser III, mfalme wa Ashuru, anamtaja adui yake, mfalme wa Patina, kwa jina Sapalulme. Mwaka 2012 wachimbaji wa Tell Tayinat, mkoani Hatay, walifukua nusu ya juu ya sanamu ya mawe: ndevu zilizosokotwa, macho ya mawe meupe na meusi, mkono umeshika mkuki. Mgongoni kuna maandishi ya Kiluwi, na jina lililoandikwa humo ni Suppiluliuma.